Maswali ya Wasomaji: Nani kasema herufi za kutisha lazima zichuruzike damu?

SWALI

Fundi, salaam. Nasoma utengenezaji wa filamu hapa Kampala, niko mwaka wa mwisho. Tuko watu sita, na filamu yetu ya kumalizia masomo ni ya kutisha, dakika 14, kwa Kiswahili, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Inaitwa *Anakuita*. Msichana anahamia hosteli, na kila umeme ukikatika anasikia sauti ya mama yake ikimwita kutoka nje ya dirisha, ilhali mama yake yuko Tororo. Baadaye anasogeza kabati na kukuta ukutani majina ya wasichana waliokaa chumba hicho kabla yake, wale walioitika. Hakuna damu hata tone katika filamu nzima.

Mimi nimepewa kazi ya kutengeneza jina la filamu, litakaloonekana kwenye skrini na kwenye bango. Mwongozaji wetu amepakua fonti ya damu inayochuruzika na ameipenda sana. Mimi naona haihusiani na hadithi yetu, lakini nikijaribu kuchora yangu inatoka kama kibao cha shule ya chekechea. Nina laptopu ya kawaida na simu, fedha hakuna. Nianzie wapi, na mwongozaji nimwambie nini?

*Mwanafunzi, Wandegeya*

JIBU

Mdogo wangu, katika barua yako kuna sentensi moja ambayo ningependa umsomee mwongozaji wako kama ilivyo: hakuna damu hata tone katika filamu nzima. Jina la filamu ni ahadi. Likitokea linachuruzika damu, mtazamaji anaanza kuisubiri hiyo damu, na nyinyi hamna. Mna sauti nje ya dirisha, giza, na swali la kama huyu mtoto ataitika au hataitika. Hicho ni kitu kizito kuliko damu, na jina ndilo la kwanza kukibeba.

Fonti hiyo ina ubaya wa pili, ambao mwongozaji ataona kwa macho yake. Andika ANAKUITA kwa fonti hiyo, kubwa, ijaze skrini ya laptopu. A ziko tatu. Kila A ina tone lilelile, upande uleule, lenye urefu uleule. Mtu hahitaji kusomea uchoraji ili ajue kwamba kitu kimoja kimepigwa chapa mara tatu, na hofu inaishia hapo. Kiswahili kinafunga karibu kila silabi kwa irabu, kwa hiyo majina ya filamu zetu yanarudia herufi sana, na fonti zilizochafuliwa kwa makusudi zinaumbuka kwetu haraka zaidi. Unapochora kwa mkono, kurudia huko kunageuka kuwa mali. Nitarudi hapo, maana kazi yako yote naiona iko kwenye hizo A tatu.

Ubaya wa tatu ni wa kiufundi. Video karibu zote tunazotazama kwenye simu na intaneti huhifadhi mwanga kwa ukamilifu, lakini rangi huhifadhiwa kwa nusu tu ya pikseli kwa upana na nusu kwa urefu. Herufi nyeupe juu ya nyeusi inabaki na makali yake kwa sababu tofauti yake ni ya mwanga. Herufi nyekundu juu ya nyeusi inategemea rangi, kwa hiyo kingo zake zinapata meno ya msumeno na kuvuja pembeni. Ukishaituma kwa simu mara mbili tatu, ile damu nzuri inakuwa matope.

Sasa tuanze kazi.

Kabla ya kushika penseli, soma mswada wenu tena ukitafuta jambo moja: katika hadithi hii, nani angeweza kuandika jina hili, na kwa kitu gani? Mara nyingi jibu liko mezani pa mhusika. Kwenu umeme unakatika, maana yake msichana ana mshumaa. Basi andika kwa mshumaa. Sisemi uuchore mshumaa. Nasema ushike mshumaa wenyewe, wa kawaida, mweupe, wa dukani, uutumie kama kalamu.

Chonga ncha yake kwa kisu mpaka iwe butu kidogo, unene wa kidole kidogo cha mtoto. Tafuta karatasi nzito isiyong'aa, manila nyeupe inatosha, uikate vipande vya ukubwa wa A4. Weka karatasi juu ya meza ngumu, uilaze kwa upana, uandike ANAKUITA ukikandamiza kwa nguvu. Hutaona unachoandika, maana nta ni nyeupe na karatasi ni nyeupe. Kaa dirishani, uinamishe kichwa uitazame karatasi kwa upande, utaona mng'ao wa nta pale ulipopita. Usipige mistari ya penseli ya kukuongoza, kwa sababu penseli iliyofunikwa na nta haifutiki tena. Weka nukta ndogo kwenye kingo za karatasi tu, zikuonyeshe kichwa na miguu ya herufi.

Halafu chukua wino mweusi au rangi nyeusi ya maji, uizimue kidogo, uipitishe juu ya karatasi nzima kwa brashi pana, mara moja, bila kurudiarudia. Nta inakataa maji. Jina linatokea lenyewe kutoka kwenye weusi, jeupe, na pale mshumaa uliporuka vinyweleo vya karatasi herufi inabaki na mikwaruzo ambayo hakuna fonti itakayokupa. Wino unakusanyika kwenye kingo za nta kama jasho. Mara ya kwanza utaruka kwa furaha, nakuambia.

Jaza karatasi nyingi. Nyingine zitakuwa mbovu, hizo ndizo zinazokufundisha mkono. Zikikauka, chagua ile ambayo neno zima limekaa vizuri, usikusanye herufi nane kutoka karatasi nane. Wino wa karatasi moja una weusi mmoja, na herufi zilizoandikwa kwa pumzi moja zinasikilizana. Baadaye utabadilisha A tu.

Kuhusu kule kutoka kama kibao cha chekechea. Sijaona michoro yako, lakini nimewafundisha vijana wengi na karibu wote wanaanza vilevile: kila herufi inapewa kituko chake. N imepinda, K imevunjika, U ina macho, T ni msalaba. Herufi zinapogombania kutisha, mtazamaji anaona mchezo. Mifupa ya neno iwe imara kwanza. Herufi zote ziwe na urefu mmoja, unene mmoja, zisimame wima, zisomeke na mtu aliyekaa nyuma kabisa. Ukishapata neno lililotulia, vunja kanuni moja tu, mahali pamoja. Hofu inaingia pale mtu anapoona kila kitu kiko sawa isipokuwa kimoja.

Mwaka 1960 Saul Bass alipotengeneza maandishi ya mwanzo ya Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock, alichukua herufi nene za kawaida kabisa na mistari inayokatiza skrini. Herufi zinakatwa vipande na vipande vinasogea visikutane sawasawa. Basi. Hakuna kisu wala damu, na bado unajua kuna mtu ndani ya filamu hii ambaye hayuko sawa.

Angalia nafasi kati ya herufi, na hapa usikimbilie rula. Nafasi hupimwa kwa jicho. Kwenye neno lako U na I ni mistari miwili ya wima inayotazamana, hiyo inahitaji pengo kubwa kuliko zote. T na A ni kinyume: mkono wa T uko juu, na A imelala chini yake, kwa hiyo ukiziachia pengo la kawaida zitaonekana zimeachana. Ingiza kichwa cha A chini ya mkono wa T mpaka jicho litulie. Ukitaka kujua umefanikiwa, geuza karatasi kichwa chini. Neno likiwa wima huwezi kuliangalia bila kulisoma, ukiligeuza unaona mapengo tu, na pengo lililozidi linajitokeza lenyewe.

Jambo lingine nililojifunza kwenye kupaka mabango ya maduka Mbale, zamani kabla mabango ya kuchapishwa hayajajaa: neno husomwa kwa nusu yake ya juu. Chukua kipande cha karatasi ufunike nusu ya chini ya ANAKUITA. Utalisoma bado. Sasa funika nusu ya juu: T na I zimekuwa kitu kimoja, fimbo mbili tu. Kwa hiyo uharibifu wote, kufifia, kuchanika, kumezwa na giza, uuteremshe chini. Juu paachwe pasafi. Mafundi wa brashi bado wapo Katwe na Kisenyi, wanaandika kwenye mbao na kwenye milango ya chuma, mkono mmoja umeegemezwa juu ya fimbo ili usitetemeke. Nenda ukasimame pembeni asubuhi moja uwatazame, uwasalimie kwa heshima na uwaulize. Watakuonyesha kwa brashi kitu ambacho mimi nahangaika kukieleza kwa maneno.

Sasa A tatu. Kichwa cha A kiko juu na ndicho kinachoitambulisha, kwa hiyo ule mstari wa katikati unaweza kuuchezea bila neno kupotea. Ningefanya hivi. A ya kwanza iwe na mstari wake mahali pake. Ya pili, mstari ushuke kidogo, kiasi cha mtu kuhisi bila kuelewa. Ya mwisho, mstari ushuke mpaka miguuni, A ifungike kuwa pembetatu. Mtazamaji hatakuambia ameona nini. Lakini jicho lake litakuwa limeshuka hatua tatu kutoka kushoto kwenda kulia, na mwishoni litakuta mlango umefungwa.

Na jinsi ya kuliingiza jina kwenye skrini, hapa ndipo mna bahati kubwa, kwa sababu filamu yenu ni ya sauti. Skrini iwe nyeusi. A tatu zitokee kwanza, kila moja mahali itakapokaa, peke yake, na giza katikati: A, kisha A, kisha A. Wasikilizaji wa Kiswahili watalisikia hilo kichwani mwao kabla hawajalisoma, mtu anaita kutoka mbali. Ziache hapo sekunde mbili. Halafu N, K, U, I na T zijitokeze taratibu kutoka kwenye weusi, zote pamoja, ndipo jina lisomeke. Filamu ya Alien ya mwaka 1979 inafungua kwa njia ya jamii hiyo: vipande vya herufi vinatokea kimoja kimoja, polepole, na mtazamaji anafanya kazi ya kulisoma jina kabla halijakamilika. Kumfanya mtu asubiri neno ni kumshika mkono.

Mahali pake kwenye filamu? Mimi ningeliweka baada ya sauti ya kwanza kuita, kabla msichana hajafungua mdomo. Sauti: "Mwanangu." Kata. Nyeusi. A, A, A. Msiweke muziki hapo, tafadhali. Wacheni hata mlio wa chumba uzime.

Kwa muda, mtu alisome jina mara mbili bila haraka. Sekunde nne za jina zima zinatosha, yaani fremu 96 mkipiga kwa fremu 24 kwa sekunde. Likiwa limesimama kama jiwe litaonekana picha iliyobandikwa, kwa hiyo lipe uhai kidogo. Andika A ya mwisho mara tatu kwa mshumaa, zikiwa karibu sawa, kisha kwenye programu ya kuhariri uzibadilishane, kila moja ikae fremu tatu. Hayo ni mabadiliko manane kwa sekunde. A itakuwa inapumua, na nyingine saba zimetulia. Usizitikise zote. Tukisharuhusu kila kitu kitikisike tumerudi kwenye vituko.

Kuingiza kwenye kompyuta ni rahisi. Mashine ya kuskani ipo kwenye maduka ya kuchapa, omba nukta 600 kwa inchi, rangi ya kijivu. Karatasi ya A4 ikiskaniwa hivyo inakupa takriban pikseli 7,000 kwa upana mrefu, ambazo zinatosha skrini yoyote mtakayopata, na pia zinatosha bango la A2 likichapwa kwa nukta 300. Kama skana haipatikani, piga picha kwa simu mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi. Fungua kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, usukume weusi uwe mweusi kabisa na nta iwe nyeupe, lakini usifute mikwaruzo, maana hiyo ndiyo uliyoitolea jasho. Watu watakushauri uigeuze kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari badala ya pikseli, kwenye programu ya Inkscape. Kwa nembo ndogo ni sawa. Kwa skrini mimi sikushauri, programu italainisha kingo za nta na utabaki na kitu kinachofanana na fonti. Mhariri wenu akitaka kuliweka jina juu ya picha badala ya weusi mtupu, achague Screen kwenye menyu ya kuchanganya picha, weusi utatoweka na jina litabaki.

Weupe wenyewe usiwe mweupe wa mwisho. Kwenye projekta la ukumbini weupe kamili unawaka, na watu waliozoea giza la filamu wanafinya macho. Ushushe uwe kijivu chepesi. Na uache nafasi pembeni, asilimia 5 kila upande: kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 ni pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Televisheni nyingi bado zinakata kingo za picha.

Leseni. Ukiandika kwa mkono wako, jina ni lenu na hakuna atakayewauliza. Fonti nyingi za kupakua bure zimeandikwa kwamba ni kwa matumizi binafsi tu, na filamu inayopelekwa kwenye tamasha au kuuzwa si matumizi binafsi. Mkihitaji fonti kwa majina ya waigizaji na wafanyakazi, tafuteni zenye leseni ya wazi ya SIL, zinaruhusu hata kazi ya biashara. Chagueni moja, nyembamba kiasi, isiyo na mbwembwe. Majina ya watu hayatakiwi kutisha, yanatakiwa kusomeka, mama wa mwigizaji ameketi pale anasubiri kuliona la mwanawe.

Sasa mwongozaji. Usibishane naye juu ya kizuri na kibaya, mtaharibu urafiki bure. Tengeneza zote mbili, ya damu na ya mshumaa, uzionyeshe kwenye televisheni kubwa ya hosteli kwa watu ambao hawajasoma mswada. Waulize swali moja tu: unadhani hii filamu inahusu nini? Andika majibu. Wakisema kuhusu ile ya damu kwamba kuna muuaji mwenye panga, na kuhusu hii nyingine kwamba kuna mtu anaitwa, mwongozaji ataamua mwenyewe. Ni filamu yake pia, na mtu anayependa hadithi yake huwa anasikia.

Kuhusu fedha, usiumie. Kule Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana na wenzake walijenga studio nzima ya filamu kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe na silaha za bandia zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, na dunia ikawafuata huko huko mtaani. Wewe unahitaji mshumaa, manila na chupa ya wino.

SWALI

Mwalimu, mimi ni mchoraji, natoka Masaka. Rafiki yangu anatengeneza filamu fupi kuhusu jamaa wanaogombania shamba na babu aliyezikwa humo anarudi. Nimefikiria jina liandikwe juu ya lubugo halisi, kile kitambaa cha gome la mti, badala ya karatasi. Je, itaonekana vizuri kwenye kamera? Na je, itakuwa kukosa adabu?

*Msomaji, Masaka*

JIBU

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeuliza maswali yote mawili kwa pamoja.

La kamera: itaonekana vizuri mno, mradi usiimulike kutoka mbele. Lubugo hutokana na gome la ndani la mti wa mutuba, linavunwa wakati wa mvua na kupigwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali mpaka lilainike na kutanuka. Nyundo hizo zina mifereji, na alama zake zinabaki kwenye kitambaa, mistari midogo midogo iliyopishana. Ukiweka taa moja upande, chini kabisa, karibu usawa wa kitambaa chenyewe, mistari hiyo yote inainuka na kupata vivuli. Taa ya mbele inaifuta, unabaki na kahawia tupu. Tafuta pia pale palipotoboka na kushonwa. Kiraka kilichoshonwa kwa uzi kikipita katikati ya herufi ni kizuri kuliko chochote utakachobuni.

Usiandike kwa rangi ya mafuta, inakaa juu kama plastiki na kung'aa kwenye taa. Tumia mkaa wa jikoni uliosagwa na maji kidogo, kwa brashi ngumu, ukiigongagonga badala ya kuiburuta. Weusi wa mkaa juu ya wekundu ule wa udongo unaonekana, lakini haupigi kelele, kwa hiyo herufi ziwe nene, nene kuliko unavyodhani. Fanya majaribio kwenye kipande kidogo kwanza, maana mkaa ukishaingia kwenye nyuzi hautoki. Na ununue kipande chako mwenyewe kwa fundi anayepiga lubugo, uko karibu nao kuliko sisi wa Kampala. Usiazime cha mtu kilichowekwa kwa ajili ya shughuli.

La adabu ni zito zaidi. Lubugo huvaliwa kwenye kutawazwa na kwenye matambiko, na ndicho kitambaa cha kumsitiri marehemu Buganda. UNESCO iliutangaza ufundi wake mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, lakini wazee waliujua uzito huo kabla ya karatasi yoyote. Filamu yenu inahusu babu aliyezikwa, kwa hiyo kitambaa kina haki ya kuwepo, hakikuletwa kama pambo. Mpaka ninaouona mimi ni huu: kukiandikia na kukimulika, sawa. Kukichana, kukichoma moto au kukipaka damu ya bandia ili watu wapige kelele, hapana, na hata bila kufikiria heshima, mtawapoteza watazamaji wenu wa Masaka ambao wamewazika watu wao ndani yake. Kabla hamjapiga picha, mwonyesheni mzee mmoja wa ukoo wa rafiki yako mnachotaka kufanya. Akikunja uso, mwulizeni ni sehemu ipi, mara nyingi ni moja tu na inarekebishika. Anaweza pia kuwaambia kitu kuhusu kitambaa hicho ambacho kitaingia kwenye hadithi.

SWALI

Fundi, jina la filamu yetu kwenye kompyuta linapendeza, lina ukungu na chembechembe nyuma yake, herufi nyembamba sana. Nikilituma WhatsApp linakuwa vipandevipande vya mraba na herufi zinapotea. Tatizo ni kompyuta yangu?

*Msomaji, Jinja*

JIBU

Kompyuta yako ni nzima. Programu ya kutuma hupunguza uzito wa video kwa kutupa kile inachodhani hakina maana, na vitu viwili inavyovishindwa kabisa ni ukungu unaosogea gizani na chembechembe zinazobadilika kila fremu. Inapoteza nguvu zake zote kuhangaika na ukungu, haibaki na kitu cha kuipa herufi.

Kwa hiyo tengeneza matoleo mawili. La ukumbini liache na ukungu wake. La simu, ondoa chembechembe, usuli uwe mweusi uliotulia au picha isiyosogea, na unenepeshe mistari ya herufi. Kwenye video ya 1920 kwa 1080, mstari mwembamba kabisa wa herufi usipungue pikseli 6, kwa sababu ikishushwa hadi upana wa 640 hiyo inakuwa pikseli mbili, na chini ya hapo mstari unakatikakatika. Ukitaka kumtumia mtu aione kama ilivyo, itume kama faili la hati, siyo kama video, haitabanwa.

Na kabla ya kuitoa rasmi, ipeleke kwenye kibanda cha video, umwombe mwenye kibanda akuchezee kabla ya filamu yake ya jioni. Kaa benchi la nyuma kabisa. Kama VJ wa hapo, yule anayetafsiri filamu kwa sauti, anaweza kulisoma jina kwa sauti mara moja bila kusogea karibu na televisheni, unene unatosha. Akisita, rudi uongeze pikseli mbili.